Umbali, Giza na Kasi: Jinsi Viwanja vya Michezo Vilivyounda Kamera

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, viwanja vya besiboli vya Marekani vilikuwa na kamera iliyopewa jina la mzinga. Waliiita Big Bertha, kama mzinga mkubwa wa Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, na aliyeiona hakuuliza sababu. Ilikuwa Graflex ya negativu kubwa za inchi 5 kwa 7, imefungwa mbele lenzi yenye urefu wa fokasi wa inchi 28 hadi 40, yaani hadi zaidi ya milimita 1,000. Haikuwa ya kuning'iniza shingoni. Ilipandishwa jukwaani, ikalazwa kwenye kiunzi chake na kuelekezwa uwanjani. Ubavuni ilikuwa na wenzo wenye pengo moja kwa kila kituo cha mchezo: cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nyumbani. Mchezaji alipochomoka kukimbilia kituo cha pili, mpiga picha aliuvuta wenzo hadi pengo la pili, fokasi ikakaa pale pale, akamsubiri mkimbiaji ajitupe kwenye vumbi, kisha akafyatua.

Wenzo ule ulibeba shida yote ya kazi hii. Mpiga picha wa harusi anaweza kumsogelea bibi harusi, kumwomba ageuke kidogo, hata kumrudisha mlangoni aingie upya. Wa michezo hana ruhusa hiyo. Mahali pa kukaa amepangiwa, taa si zake, na goli likishaingia halirudiwi kwa ajili yake. Bodi, yaani kamera bila lenzi yake, na lenzi zilizoacha alama katika historia ya picha za michezo zilizaliwa kujibu moja ya kero tatu: umbali, uhaba wa mwanga na kasi. Na mara nyingi lenzi ndiyo iliyotangulia, bodi ikaja nyuma kuitumikia.

Kasi ilishughulikiwa mapema. Mnamo Juni 1878 huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi wa tajiri Leland Stanford. Farasi alipopita, nyuzi zilizotandazwa njiani zilifyatua kamera moja baada ya nyingine, na watu wakaona kwa mara ya kwanza kwamba farasi anayekimbia huwa na kitambo ambacho kwato zote nne zimeacha ardhi. Kamera moja haikuweza kazi hiyo, kwa hiyo zikatumika 12.

Miongo michache baadaye, kijana wa Kifaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha gari la mashindano likimpita kwa kasi. Katika picha hiyo gurudumu limeinama mbele kama yai lililolazwa, na watazamaji wa nyuma wameinama upande wa pili. Shata ya kamera yake ilikuwa pazia lenye mwanya mwembamba, na mwanya huo ulipita juu ya negativu hatua kwa hatua. Mwanya ulipomaliza safari yake, gari lilikuwa limeshasogea. Lartigue mwanzoni hakuithamini, ila baadaye picha hiyo ikawa miongoni mwa picha mashuhuri zaidi za karne. Kosa hilo la mwanya liliendelea kuwasumbua watengenezaji wa kamera kwa zaidi ya miaka 100.

Umbali nao ulipata dawa yake London mwaka 1891, pale Thomas Dallmeyer alipopata hataza ya lenzi ya telefoto. Wajerumani walifikia wazo kama hilo wakati huo huo. Lenzi ya kawaida yenye fokasi ya sentimita 50 inahitaji takribani nafasi hiyo hiyo kati yake na filamu. Dallmeyer aliweka nyuma ya vioo vya mbele kundi la vioo vinavyotawanya mwanga, na bomba likawa fupi kuliko fokasi yake. Tatizo ni kwamba lenzi hizo za mwanzo zilipitisha mwanga kidogo mno. Zilifaa mlima, mnara na jengo la mbali, vitu visivyokwenda popote.

Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 ilizikutanisha kero zote tatu mahali pamoja. Kampuni ya Zeiss ilitoa kwa ajili yake lenzi ya milimita 180 yenye uwazi wa f/2.8, ikajulikana kama Olympia Sonnar. Kwa kipimo cha leo ni lenzi ya wastani, lakini kwa kamera ndogo za filamu ya milimita 35 wakati ule ilikuwa kubwa na yenye uwezo wa kustaajabisha. Ilitengenezwa kwa ajili ya kamera ya Contax, na hapo ndipo shida ya bodi ilipojitokeza. Anayetumia Contax alichungulia kwenye kidirisha cha pembeni, hakuona kile ambacho lenzi yenyewe iliona. Kwa lenzi fupi hilo halina madhara. Kwa lenzi ndefu, kosa dogo la kukadiria linatosha kumfanya mwanariadha awe ukungu na bango la nyuma yake liwe kali. Haikuchukua muda lenzi ile ikafungiwa kisanduku chenye kioo cha kuakisi, ili mpiga picha atazame kupitia lenzi yenyewe.

Mwaka huo huo kiwanda cha Ihagee cha Dresden kilianza kuuza Kine Exakta, kamera ndogo ya milimita 35 yenye kioo hicho ndani yake tangu kiwandani. Njia ya kwenda kwenye kamera ya kisasa ya michezo ilikuwa imefunguka, ingawa vita viliichelewesha.

Waliokuja kuipita njia hiyo kwa kishindo walikuwa Wajapani. Mwaka 1958 kampuni ya Tokyo Kogaku ilitoa lenzi ya Topcor ya milimita 300 yenye f/2.8, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana kwa kamera ya milimita 35. Mwaka uliofuata Nikon ikaleta bodi ya Nikon F, iliyokuja kupokea lenzi nyingi na mota ya kuvuta filamu. Kioo kikifungiwa juu, mota hiyo ilipiga picha 4 kwa sekunde. Wapiga picha wa dunia walipokusanyika Tokyo kwa Olimpiki ya 1964, Nikon ilikuwa imeandaa lenzi za milimita 400 hadi 1,200 zilizotumia kipande kimoja cha kufokasi. Mtu alibeba kipande hicho na kubadilisha vioo vya mbele kulingana na umbali wa mchezo.

Lenzi hizo ndefu ziliweza kufika mbali, lakini hazikuona gizani. Ile ya milimita 1,200 ilikuwa na f/11, na hapa inafaa kusimama kwenye hesabu, maana ndiyo inayotawala uchaguzi wote. Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu la mwanga. Lenzi ya milimita 400 yenye f/2.8 inahitaji tundu la karibu milimita 143, na kioo chake cha mbele kinakuwa kipana kama sahani ya chai. Lenzi ya milimita 400 yenye f/5.6 inahitaji nusu ya upana huo, ikawa nyepesi na rahisi kununua, lakini inapitisha robo tu ya mwanga. Pale ambapo ya kwanza inapata shata ya 1/1000 ya sekunde, ya pili inaishia 1/250. Kwa mchezaji aliyesimama hakuna tofauti. Kwa mguu unaopiga mpira, 1/1000 inaonyesha nyuzi za kiatu na 1/250 inaonyesha mchirizi.

Kioo kipana hivyo kina matata yake. Mwanga mwekundu na wa buluu haupindi sawa unapopita kwenye kioo, na kadiri lenzi inavyokuwa ndefu na pana ndivyo rangi zinavyoachana, hadi jezi nyeupe inazungukwa na utepe wa zambarau. Fuwele ya floraiti hupunguza kasoro hiyo, lakini fuwele za asili ni ndogo mno kuweza kutengeneza lenzi ya kamera. Canon ilijifunza kuikuza kiwandani, na mwaka 1969 ikauza lenzi yake ya kwanza ya floraiti, ya milimita 300 na f/5.6. Nikon ilipita njia nyingine, ya kutengeneza kioo maalumu kilichoitwa ED, na kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya Sapporo mwaka 1972 ikatoa kwa idadi ndogo lenzi ya milimita 300 yenye f/2.8 iliyotumia kioo hicho.

Floraiti hutanuka kwa joto kuliko kioo cha kawaida, na lenzi nyeusi ikiachwa juani uwanjani huchemka. Kwa hiyo, katika miaka ya 1970, Canon ilianza kupaka lenzi zake kubwa rangi nyeupe. Uamuzi huo wa kiufundi ukageuka kuwa tangazo lisilolipiwa: tangu siku hiyo, aliyekaa nyumbani akitazama mechi kwenye televisheni aliweza kuhesabu nyuma ya goli ni wapiga picha wangapi wanatumia kamera ya nani.

Bodi nazo zilikimbizana. Kwa Olimpiki ya 1972 Canon ilitengeneza F-1 maalumu iliyopiga picha 9 kwa sekunde. Badala ya kioo kinachopanda na kushuka, ilikuwa na kioo chembamba kisichosogea, kinachopitisha mwanga mwingi kwenye filamu na kuakisi kidogo kwenye jicho. Kwa Los Angeles mwaka 1984 ikafikisha 14 kwa sekunde. Lakini filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36 tu. Kwa mwendo wa picha 9, aliyebonyeza bila kuachia alimaliza filamu kwa sekunde 4, kisha akabaki anahangaika kubadilisha huku mshindi akishangilia. Mota haikuondoa haja ya kuujua mchezo.

Si kila mchezo ulidai lenzi ndefu. Picha ya Muhammad Ali akimsimamia Sonny Liston aliyelala chali, Lewiston, Maine, tarehe 25 Mei 1965, ilipigwa na Neil Leifer akiwa na umri wa miaka 22, kwa Rolleiflex ya lenzi mbili zisizobadilishwa, akiwa amekaa kando ya ulingo. Siri yake ilikuwa taa kali za flashi zilizofungwa juu ya ulingo, ambazo zilihitaji muda kujaza umeme upya baada ya kila picha. Leifer alikuwa na nafasi ya kufyatua mara moja tu. Kati ya miguu ya Ali anaonekana Herb Scharfman, mpiga picha mwenzake wa jarida la Sports Illustrated mwenye uzoefu mkubwa kuliko yeye, ambaye siku hiyo alikuwa ameangukia upande usiofaa wa ulingo. Mahali pa kukaa palimpa mmoja picha ya maisha na kumnyima mwingine.

Afrika Mashariki ilikuwa na mtihani wake. Mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliwapeleka wapiga picha porini, mbali na umeme na fundi. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 kabla ya kuhamishia kazi zake Nairobi, ni mmoja wa waliozipiga picha mbio hizo. Huko gari ndilo linalomfuata mpiga picha, na jua la ikweta linatosha. Adui ni vumbi jekundu linaloingia kwenye kila pengo, na tope la mvua za masika. Sifa iliyohesabika hapo ilikuwa ya bodi: Nikon F ilikuwa na shata ya gia na springi, haikuhitaji betri ili ifyatue. Dereva Joginder Singh, aliyeshinda mbio hizo mwaka 1965, 1974 na 1976, alipigwa picha katika zama za kamera za aina hiyo, ambapo mpiga picha alikadiria mwanga kwa macho na kuipangusa lenzi kwa kitambaa kati ya gari moja na jingine.

Hadi katikati ya miaka ya 1980 fokasi ilikuwa kazi ya vidole. Mahodari waliweza kuzungusha pete ya lenzi kwa kasi ile ile ya winga anayewajia, fremu baada ya fremu. Wengine walifanya kama watu wa Big Bertha: waliweka fokasi kwenye mstari wa boksi au kiunzi cha mwisho, wakangoja. Mwaka 1985 Minolta 7000 ilionyesha kwamba mashine inaweza kufokasi yenyewe, ila mota yake ilikaa ndani ya bodi na kuzungusha lenzi kwa ekseli ndogo. Kwa lenzi fupi ilitosha. Kuvizungusha vioo vizito vya lenzi ya milimita 300 ni jambo jingine.

Mwaka 1987 Canon ilichukua hatua iliyowakasirisha wateja wake wengi. Iliachana na kifungio chake cha zamani cha FD, na lenzi zote ambazo watu walikuwa wamezinunua kwa miaka mingi zikawa hazikai kwenye bodi mpya za EOS. Kifungio kipya cha EF hakikuwa na gia wala wenzo, kilikuwa na njia za umeme tu, na kila lenzi ilibeba mota yake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo ikatoka lenzi ya milimita 300 na f/2.8 yenye mota ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, inayosogeza vioo haraka na kimya. Nikon ilibaki na kifungio chake cha 1959, uaminifu ambao wenye lenzi za zamani waliushukuru, lakini haikuweka mota ndani ya lenzi zake kubwa hadi mwaka 1992. Katika miaka hiyo ukingo wa viwanja uligeuka kuwa mweupe. Wapiga picha waliuza mikoba mizima ya vifaa na kuanza upya, na kilichowahamisha kilikuwa lenzi.

Kisha filamu ikaondoka. Kodak DCS ya mwaka 1991 ilikuwa bodi ya Nikon F3 iliyobandikwa mtambo wa dijitali wa megapikseli 1.3, na picha zake zilikwenda kwenye kisanduku kilichovaliwa begani. Bei yake ilipita dola 20,000. Magazeti na mashirika ya habari yaliona faida haraka, kwa kuwa picha ya goli la dakika ya 85 ilihitaji kufika chumba cha habari kabla mitambo haijaanza kuchapa. Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye megapikseli 2.7, ilishusha bei hadi chini ya dola 6,000, na Canon ikajibu mwaka 2001 kwa EOS-1D iliyopiga picha 8 kwa sekunde. Sensa ya D1, inayopokea mwanga badala ya filamu, ilikuwa ndogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo ilikata kingo za picha, na lenzi ya milimita 300 ikaonyesha eneo ambalo zamani lingehitaji milimita 450. Waliokuwa na lenzi fupi walijiona wameongezewa urefu bure.

Giza lilivunjwa nguvu mwaka 2007. Nikon D3 ilikuwa na megapikseli 12 tu, lakini kwenye sensa yenye ukubwa kamili wa fremu ya filamu, na iliweza kufanya kazi kwa ISO 6400 bila picha kuchafuka kiasi cha kukataliwa na mhariri. Ukilinganisha na filamu ya ISO 400, hiyo ni mara 16 ya wepesi wa kupokea mwanga. Uwanja ambao filamu ingelazimisha 1/60 ya sekunde sasa uliruhusu karibu 1/1000. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 lenzi nyeusi za Nikon zilionekana tena kwa wingi kati ya zile nyeupe.

Uwezo huo wa kupiga picha gizani una uzito wa pekee kwa wanaofanya kazi kwenye viwanja kama wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2007, au Kasarani wa mwaka 1987. Vyote viwili vimezungukwa na njia ya riadha, na njia hiyo inaongeza mita kati ya jukwaa na mstari wa pembeni. Mechi ya jioni huanza na jua na kumalizika kwa taa. Mwenye lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 anapata picha nzuri za upande wake wa uwanja, na mchezo ukihamia goli la mbali anabaki na wachezaji wadogo katikati ya majani mengi. Bodi yenye ISO kubwa na picha inayovumilia kukatwa humsaidia kupunguza pengo hilo, ila haliondoki lote.

Hatua ya karibuni imelirudia lile gurudumu la Lartigue. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi, ikiwemo Sony A9 ya mwaka 2017 iliyopiga picha 20 kwa sekunde kimyakimya, zilisoma sensa mstari kwa mstari, kama mwanya wa pazia lile. Katika kamera nyingi za aina hiyo gongo la gofu lilipinda na mabango ya taa za LED yakawa na michirizi. Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, husoma sensa nzima kwa mkupuo mmoja, hadi picha 120 kwa sekunde. Gongo likabaki limenyooka.

Lenzi nazo zimepungua uzito. Canon ya milimita 400 na f/2.8 ya mwaka 1991 ilikuwa na kilo 6.1, na ya mwaka 2018 ina kilo 2.84. Bei haikufuata njia hiyo: lenzi mpya ya aina hiyo inauzwa kwa karibu dola 12,000 au zaidi, fedha ambazo mpiga picha wa kujitegemea wa Nairobi au Kampala angeweza kununulia gari.

Kwa hiyo wengi hununua za mtumba, na hapo uamuzi wa Canon wa 1987 unaonekana tena. Lenzi yoyote ya EF huendelea kufokasi yenyewe kwenye bodi mpya za Canon kupitia adapta, kwa sababu mota imo ndani. Lenzi za Nikon zenye mota ndani, za AF-S, nazo huendelea kufokasi zikiwekwa kwenye adapta ya FTZ ya bodi za Z. Zile za zamani zinazotegemea ekseli ya bodi hukaa vizuri, hupitisha mwanga vizuri, lakini pete inabidi izungushwe kwa mkono. Anayepewa lenzi ya milimita 300 na f/2.8 kwa bei inayovutia aifunge kwanza kwenye bodi yake na kuielekeza kwa mtu anayemkimbilia. Vilevile aulize kama vipuri vya mota bado vinapatikana, kwa kuwa lenzi hizi huishi miaka mingi kuliko muda ambao watengenezaji huendelea kuzihudumia.